Siku Nne Nilizokuwa Marehemu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetoka Nairobi kwa ndege asubuhi ya leo, Bwana Mkuu wa Wilaya, Bwana Mwakio, uliyekuwa DO, afisa wetu wa tarafa, na sasa umesafiri kutoka Voi kwa ajili ya shughuli hii tu, mashekhe wetu, machifu na wazee wa Garissa, maafisa na askari, walimu wenzangu, akina mama mlioketi upande ule wenye kivuli, na wewe, walaal Noordin Rage, ndugu yangu, unayeangalia viatu vyako kana kwamba anayeagwa hapa ni mtu mwingine: Assalaam aleikum warahmatullah.

Naitwa Jelle Olow. Nafundisha katika shule ya msingi ya Kotile, kule chini Ijara. Nimeombwa nimuage mtu ambaye kazi yake, kwa miaka minne, ilikuwa kusikiliza. Mwenye kuandaa shughuli aliniambia nitapewa dakika kumi. Nikamwambia, bwana, mimi ni mwalimu, na tena nimewahi kufa, nipe ishirini. Kiswahili changu mtakivumilia. Tangu utotoni p yangu hupenda kutoka b, kwa hiyo mkinisikia nikisema bole, jueni moyoni nimesema pole.

Wengi wenu mnakijua chumba cha mabati nyuma ya ofisi za wilaya, chenye meza moja, taipureta moja, na redio kubwa ya kijivu. Kesho kitafungwa. Mwezi uliopita, kule Arusha, wakubwa wa nchi mbili walikaa wakakubaliana, na redio ya jirani imeanza kututumia nyimbo za kawaida na habari za bei ya ndizi. Noordin hana tena cha kuandika. Ameniambia kwamba wiki hii, kwa mara ya kwanza tangu uhuru, amelala usingizi wa alasiri, na alipoamka aliona mvua inanyesha upande wa pili wa mto na jua linawaka upande huu, akakaa kitandani muda mrefu asijue ni mwaka gani.

Mheshimiwa, vita hivi vilikuwa vya namna gani? Nauliza kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza, na mimi hukwama. Hakuna jeshi lililovuka mpaka na bendera mbele likapiga tarumbeta. Jirani yetu alikuwa akipewa silaha na dola kubwa wakati sisi, nchi ya juzi, tulikuwa bado tunatafuta karatasi za kuandikia katika ofisi zetu. Lakini hakutangaza vita hata siku moja. Ila bunduki zilifika. Mabomu yalizikwa barabarani, na kila dereva akawa anaendesha huku ameinua mwili kidogo juu ya kiti, kana kwamba hilo lingemsaidia. Uvumi ulifika kabla ya mvua: eti chanjo ya ng'ombe ni sumu, eti visima vitazibwa, eti watoto wakiingia shuleni watatoka na majina mengine. Ukimwuliza jirani, husema hajui lolote, ni watu wenu wenyewe hao. Na kila alasiri, saa kumi kamili, ilifika sauti.

Niruhusuni niseme kidogo juu ya sauti hiyo, maana bila kuielewa hamtaelewa kilichonipata.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini na isiyo na haraka. Alisoma mashairi, akatangaza ngamia waliopotea, akatusalimu kwa majina ya koo zetu mpaka mtu akahisi ameitwa yeye peke yake. Kotile tulikuwa tunamsikilizia nje ya duka la Bi Bishara. Jua limelegea, mifugo inarudi kutoka mtoni, vumbi limeelea hewani jeupe kama maziwa, na sauti ile inatuambia kwamba ipo bendera moja inayotungoja Wasomali sote. Nitasema kweli mbele yenu, na wenye kalamu waandike. Nami niliota ndoto hiyo. Nilikuwa nafumba macho naona nchi isiyo na kizuizi barabarani, mtu anatoka Takaba na ngamia wake, anatembea siku thelathini mpaka akanyage bahari, na hakuna anayemwuliza kitambulisho. Nilikuwa nafumbua macho naona ukuta wa duka, na naumia. Ndoto yenyewe haikuwa kosa. Kosa lilikuwa la aliyeichukua ndoto ya watu maskini akaficha bomu ndani yake.

Sasa, wakati sisi tumefumba macho Kotile, Noordin alikuwa katika chumba chake cha mabati, jasho linamtiririka, anaandika neno kwa neno. Serikali ilimwajiri kwa sababu anajua Kisomali cha kaskazini na cha kusini, na Kiarabu, na Kiingereza cha ofisi. Upande wetu walimwita sikio la serikali. Mara mbili nyumba yake ilirushiwa mawe. Upande wa serikali walitazama jina lake, wakatazama uso wake, wakasema huyu ni wa kule. Akaishi hivyo, katikati, anasalimiwa nusu na kila mtu. Nilimwuliza baadaye alijuaje lipi la uongo na lipi la kweli. Akaniambia, "Mwalimu, dada yule akisoma shairi, pumzi hutoka tumboni. Akisoma karatasi aliyopewa na wakubwa, pumzi hutoka kooni. Mimi nilijifunza kusikiliza pumzi."

Mwaka jana, mwezi wa Machi, watu wenye bunduki, wale ambao serikali iliwaita shifta, walipita Kotile. Walikuwa saba. Walilala kivulini mwa darasa langu mchana kutwa, wakaniomba maji, nikawapa. Mtu mwenye bunduki akikuomba maji, hupati nafasi ya kumwuliza uraia wake. Walipoondoka sikwenda kupiga ripoti. Niliogopa kwenda na niliogopa kutokwenda, nikabaki nimekaa. Jumanne, tarehe kumi na tano, askari walikuja na lori wakanichukua, wakanileta katika kambi iliyokuwa nje ya mji huu. Jina lake sitalitaja, na leo kambi hiyo haipo tena, pamebaki uwanja na mbuzi. Jumatano sajini mmoja aliniuliza wale saba wameelekea wapi. Sikujua. Aliuliza tena. Sikujua. Mara ya tatu alitumia kitako cha bunduki, na mkono wangu wa kushoto ukavunjika hapa, juu ya kiwiko. Nilisikia mlio mdogo, mkavu, na jambo la ajabu ni kwamba nilifikiri ni mtu mwingine amevunja kijiti.

Siku zilizofuata sizikumbuki sawasawa. Tulikuwa watu kumi na wanane katika chumba kimoja, na homa ilinichukua ikanirudisha, ikanichukua ikanirudisha. Niliuona Mto Tana ukipita katikati ya chumba, maji mekundu, yamebeba madawati yangu ya shule. Nilikuwa nawaambia wenzangu wainue miguu.

Kumbe Alhamisi ile, saa kumi alasiri, nilikuwa nimekufa.

Noordin alikuwa mezani. Shairi likaisha, pumzi ikapanda kooni, na sauti ile laini ikatangaza kwamba mwalimu Jelle Olow wa Kotile, mwana wa watu wa heshima, ameuawa na askari wa serikali na mwili wake umetupwa mtoni. Ikawaita vijana wa Kotile kwa jina la ukoo wao. Ikawauliza, ndugu zangu, mtaendelea kunywa maji ya mto huo mpaka lini?

Mnaona jinsi lilivyopangwa? Halikuwa tangazo. Lilikuwa agizo la shambulio, na halikugharimu hata risasi moja. Vijana wangevamia kituo cha polisi cha karibu, askari wangejibu, na wiki iliyofuata wangekuwapo maiti wa kweli wa kutangaza.

Asubuhi ileile Noordin alikuwa amepiga taipu orodha ya waliokamatwa. Jina langu lilikuwa la kumi na moja, na mbele yake maneno haya: mkono wa kushoto umevunjika, apelekwe hospitali. Akavua vile vya kuvaa masikioni, akavuka uwanja akikimbia, yeye ambaye hajawahi kuonekana akiharakisha hata mvua ikimnyeshea, akaingia kwa Bwana Mwakio bila kubisha. Bwana Mwakio, nisahihishe nikikosea. Haya nimeyapata kwenu wote wawili.

"Bwana, wamemtangaza mtu amekufa, na yuko kwenye seli yetu."

Bwana Mwakio akapiga simu ya upepo Nairobi. Jibu likarudi Ijumaa: kanusheni. Wakakanusha. Redio yetu ikasema habari hizo si za kweli, mwalimu yu hai na ni mzima. Bi Bishara ananiambia kwamba pale dukani watu walipolisikia neno "mzima" walitazamana bila kuamini, na mzee mmoja akaamka akaenda kutafuta sanda.

Jumamosi asubuhi Noordin akarudi ofisini. Akasema, "Bwana, hatuwezi kushindana nao kwa redio. Redio yao ina nguvu kuliko yetu, na dada yule ana sauti. Sisi tuna kitu kimoja wasichokuwa nacho. Tuna mtu mwenyewe. Mtoe, tumpeleke nyumbani."

"Na mkono wake?" Bwana Mwakio akauliza.

Noordin akaiweka mezani ile orodha yenye jina langu.

"Wakiuona mkono, Noordin?"

"Wauone, bwana."

Bwana Mwakio aliniambia kwamba alitoka nje akasimama juani kwa muda wa mtu kuvuta sigara moja, na havuti sigara. Aliporudi alikuwa amekata shauri nusu. Nitarudishwa nyumbani, ndiyo, lakini nitasoma karatasi. Noordin akaamriwa kuipiga taipu, akaipiga. Karatasi ilisema kwamba mimi, Jelle Olow, nimetunzwa vizuri, na kwamba mkono wangu uliumia nilipoanguka kutoka kwenye lori.

Tuliondoka saa sita mchana, Landrova moja, bila msafara, maana msafara ungeonekana kama vita. Dereva mbele na Bwana Mwakio, nyuma mimi na Noordin. Kabla ya hapo sikuwa nimewahi kuzungumza na Noordin. Hospitali walikuwa wamenifunga mkono na kunipa dawa, na kila kitu kilikuwa mbali na laini. Akasogea karibu akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, pole. Umekufa tangu juzi."

Nikamwambia nilidhania hivyo.

Barabara ile mnaijua. Tuliendesha polepole, dereva akitafuta udongo uliochimbuliwa, na mazigazi yalikuwa yamelala mbele yetu kama bwawa lisilofikika. Twiga watatu walisimama ndani ya maji yasiyokuwapo. Mimi nilikuwa nafikiri, kama ni kweli nimekufa, basi kufa si kubaya sana, ni safari ndefu na watu wasioongea. Tukalala kituoni njiani. Jumapili, baada ya adhuhuri, wakati mto umeanza kuonekana kwa miti yake, Noordin akaniuliza kwa Kisomali kama lile la lori, kwenye karatasi waliyonisomea, ni kweli.

"Si kweli," nikasema. "Lakini wewe ndiye uliyeliandika."

"Mimi ndiye niliyeliandika. Usilisome."

"Nisiposoma watanirudisha seli. Na wewe watakufanya nini?"

Akasema maneno ambayo nimeyaandika ndani ya jalada la daftari langu la mahudhurio, na nimekuja nayo leo. Alisema, "Mwalimu, miaka yote hii nimewasikiliza wakidanganya. Ni mafundi. Wana watu wa kuandika, wana dada wa kusoma, wana mitambo mikubwa. Sisi tukianza kudanganya tutakuwa wanagenzi wao. Mama yako atakushika mkono, na atajua. Akishajua hilo moja, hata ule uhai wako hatauamini."

Bwana Mwakio hakujua Kisomali. Lakini aligeuka akatutazama, na naapa alielewa.

Tulifika Kotile saa kumi kasoro. Ngamia walikuwa wamepakiwa. Vijana thelathini na mmoja walikuwa wamekaa chini kwa safu, wameshaoga, wameshaagana na mama zao, na bunduki tisa zilizotoka sijui wapi zilikuwa zimelazwa juu ya mkeka. Hakuna aliyepiga kelele. Landrova ilipita katikati yao taratibu kama inapita ndani ya maji, na watu wakafungua njia wakinitazama kwa dirisha, na katika macho yao niliona kwamba hawatazami mtu. Wengine walisoma dua. Mke wangu Shamis alikuwa amevaa nguo nyeupe za eda. Alisimama mlangoni, hakuja, hakurudi ndani.

Aliyekuja ni mama yangu, Maka. Alinigusa paji la uso, akanigusa masikio, kama mnavyowaona wanawake wakikagua mtoto aliyetoka kuzaliwa. Kisha akafika kwenye mkono, akasimama.

"Huu?"

"Hooyo, ni hadithi ndefu."

"Si ndefu," akasema. "Nani?"

Bwana Mwakio akanipa karatasi. Niliishika kwa mkono huu mzima, na nikazungumza kwa Kisomali, polepole, ili Noordin apate kumfasiria.

"Sikufa," nikasema. "Redio imesema nimetupwa mtoni, na mnaniona. Huo ni uongo. Mkono huu umevunjwa na askari wa serikali siku ya Jumatano, kwa sababu niliulizwa jambo nisilolijua. Hiyo ni kweli. Hapa nina karatasi inayosema nilianguka kutoka kwenye lori. Sikuanguka."

Sasa nataka mfikiri juu ya Noordin wakati huo. Alikuwa amesimama kati ya bunduki tisa na afisa wake. Angeweza kufasiri nusu. Nani angejua? Alifasiri yote, neno kwa neno, kwa sauti ileile aliyozoea kusomea taarifa zake, mpaka na lile la karatasi, ambayo yeye mwenyewe aliipiga taipu.

Nilisikia ngamia wakitafuna.

Bwana Mwakio alivua kofia yake. Akaja akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema, "Anasema kweli. Alipigwa, na hakustahili. Karatasi hii niliamuru mimi iandikwe, na nilikosea. Yule sajini nitamshtaki." Noordin akafasiri. Na mjue kwamba alimshtaki kweli, sajini akavuliwa cheo, na Bwana Mwakio akapata maadui ambao naamini anao mpaka leo.

Kijana mmoja kwenye safu, jina lake Aden, akauliza bila kusimama, "Leo mmesema kweli kwa sababu mmeogopa. Kesho mkiwa hamwogopi?"

Bwana Mwakio akajibu, "Sijui kesho. Leo nimekuja bila askari. Nimeleta nilichokuwa nacho."

Hayakuwa maneno makubwa. Labda ndiyo sababu yaliaminika. Mama yangu alikwenda kwenye ngamia wa kwanza akaanza kufungua kamba kwa mikono yake, na hakuna kijana aliyethubutu kumzuia mwanamke aliyekuwa matangani saa moja kabla. Wakafungua wengine. Shamis akaingia ndani akabadilisha nguo, akatoka na dirac ya manjano, akapita mbele yangu akaenda kuinjika chai.

Sitawadanganya kwamba wote walibaki. Thelathini na mmoja walikuwa tayari. Ishirini na wanane walibaki. Watatu waliondoka alfajiri, Aden akiwamo. Mmoja alirudi baada ya miezi sita amekonda. Mmoja hatujui habari zake. Aden aliuawa na bomu la ardhini lililotegwa na wenzake wenyewe, na alikuwa mwanafunzi wangu, na aliandika mwandiko mzuri kuliko wote niliowafundisha.

Jumatano iliyofuata sauti ile ilitangaza kwamba mtu aliyeonekana Kotile ni mlaghai aliyefanana na marehemu. Tulikuwa tumekaa palepale dukani. Mama yangu akasema, "Basi nimezaa mlaghai, na anakula sana," na watu wakacheka mpaka Bi Bishara akazima redio. Tangu siku hiyo Kotile waliendelea kusikiliza mashairi, maana mashairi yalikuwa mazuri na bado ni mazuri, lakini habari zikianza watu walikuwa wanainuka wanakung'uta kanga na kanzu wanaenda kukamua.

Mheshimiwa, utarudi Nairobi, na huko kuna vitabu vitakavyoandikwa juu ya vita hivi. Watauliza nchi changa, yenye askari wachache na barabara mbovu, ilisimamaje mbele ya jirani mwenye nguvu ambaye hakupigana kwa mkono wake. Majeshi yatataja majeshi, na ni haki yao. Wapo vijana waliozikwa mbali na makwao. Mimi naomba utaje na chumba kile cha mabati. Jirani hakuweza kutuvunja mahali pazima. Alitafuta nyufa, akamimina humo. Na nyufa, bwana, tulikuwa tumezitengeneza sisi kwa vitako vya bunduki, kwa mifugo iliyochukuliwa bila kosa la mwenyewe, kwa vijiji vilivyozungushiwa waya. Uongo ule ulinibandika kifo, lakini ulisimama juu ya mkono wangu uliovunjika. Bila mkono ule nani angeuamini?

Noordin alilijua hilo kabla yetu sote. Na alilipia. Kwa kufasiri yale aliyofasiri alisimamishwa kazi miezi mitatu na mkubwa mmoja ambaye hayuko hapa, kisha akaitwa tena kwa kuwa hakupatikana mwingine wa kusikiliza pumzi. Alirudi, akafuta vumbi mezani, akawasha redio.

Limebaki jambo moja. Si la furaha, lakini mwenyewe Noordin amekataa zawadi ya saa mliyotaka kumpa, na akasema zawadi anayoitaka ni hili lisemwe hapa.

Katika kile chumba cha watu kumi na wanane, aliyelala kando yangu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Takaba, jina lake Jama Aden. Alikuwa amekuja Garissa na mbuzi wa kuuza, akakutwa bila karatasi ya kusafiria, akachukuliwa. Alikuwa na kifua kibaya. Ndiye aliyevua shuka yake akanifungia mkono kabla sijapelekwa hospitali, na nilipokuwa nawaambia watu wainue miguu mto unapita, wenzangu walicheka, yeye aliinua miguu. Siku niliyotolewa aliniambia, "Mwalimu, ukifika nje nisalimie watu." Jumanne baada ya hapo alifariki. Wakamzika pembeni ya kambi, na jina lake likafutwa kwenye orodha.

Redio ya jirani haikumtangaza, kwa kuwa haikujua. Yetu haikumtangaza, kwa kuwa ilijua. Mimi niliyekuwa hai nilililiwa kutoka hapa mpaka Tarbaj. Yeye aliyekufa hakuliliwa na mtu. Mkewe, Timiro, alisafiri mara mbili kutoka Takaba kuja kumwulizia, na mara zote mbili aliambiwa mtu huyo hakuwahi kuwapo.

Noordin aliandika barua kuomba jambo hili lichunguzwe. Hakujibiwa. Akaandika tena mwezi uliofuata, na uliofuata, kwa miezi kumi na tisa, kila mara kwa adabu ileile. Ya ishirini ilimfikia Bwana Mkuu wa Wilaya huyu wa sasa, ambaye hana hata miezi miwili hapa kwetu, na ambaye alipoisoma alimwita Noordin akamwambia aje na zile kumi na tisa. Bwana DC, wewe hukuwapo yalipotokea, na ungeweza kusema hivyo, na hakuna ambaye angekulaumu. Hukusema hivyo. Uliita mashahidi, ukachimbua kumbukumbu, ukatia sahihi. Nasi tumekuona.

Bibi Timiro alifika Jumatatu, siku sita juu ya lori. Aliambiwa nyumbani kwa Noordin, faraghani, na wanawake wenzake walikuwa naye. Alipomaliza kulia aliomba jambo moja: kwamba isomwe mbele ya watu, mchana, na wenye vyeo wakiwapo. Ameketi pale, upande wenye kivuli, mwenye shela ya bluu. Mama, nasoma.

"Imethibitishwa ya kwamba Jama Aden, mfanyabiashara wa mifugo wa Takaba, alifariki akiwa kizuizini tarehe ishirini na mbili Machi, mwaka elfu moja mia tisa sitini na sita, kwa ugonjwa wa kifua, bila kupewa matibabu. Hakuwa shifta. Hakuwa na kosa lolote. Habari hii ilifichwa kwa jamaa zake, na kuficha huko kulikuwa dhuluma. Kaburi lake limetambuliwa, litajengewa, na mkewe amekabidhiwa hati ya kifo kwa jina kamili la mumewe."

Hayo ndiyo yote yaliyoandikwa, na yametiwa muhuri.

Walaal Noordin, nenda salama, na Mungu akupe alasiri nyingi za usingizi. Mheshimiwa, mabibi na mabwana, mmenitegea sikio kwa muda mrefu kuliko nilivyoahidi, na nawashukuru kwa hilo. Mashekhe wako tayari. Kwa ridhaa yenu, tusimame sote tumsomee Jama Aden Fatiha.